Spaniel mdogo chotara mjini Lubumbashi: mwongozo kamili wa kumchagua, kumlea na kumtibu

Mbwa huyu utamtambua kwa masikio marefu yanayoning'inia, macho makubwa ya mviringo na nywele laini za mawimbi. Mzazi wake mmoja ni spaniel mdogo, mara nyingi Cavalier King Charles au Cocker. Mwingine ni kanishi, yaani pudeli mdogo, au Bichon Frisé, au mbwa mwingine wa mapajani. Wauzaji wana majina yao: Cavapoo, Cockapoo, Cavachon, Cockalier. Majina hayo ni ya biashara, yasikuhangaishe. Waangalie wazazi.

Watu wengi humnunua kwa ajili ya sura, na sura hiyohiyo ndiyo kazi. Masikio yanashika unyevu, nywele zinafungana, macho yanatoa machozi, na ndani ya kifua kuna moyo unaoweza kuchoka mapema. Ukimlea kama mbwa wa kulinda lupango, alale nje, ale mabaki, alowe mvua ikinyesha, mwezi mmoja wa Oktoba unatosha kummaliza. Akitunzwa inavyotakiwa, anaweza kukaa nawe miaka 10 hadi 14. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize kama nyumbani kuna mtu mwenye nafasi ya kumchana nywele kila baada ya siku moja, mwaka mzima.

Ujue damu yake

Cavalier asili yake ni Uingereza. Spaniel wadogo walipendwa sana na mfalme Charles wa Pili katika karne ya 17, na jina lake likabaki kwao. Baadaye wafugaji wakaanza kupenda uso bapa, wakachagua wenye pua fupi kizazi baada ya kizazi mpaka ile sura ya zamani ikakaribia kupotea. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge aliweka zawadi ya pauni 25 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa atakayeleta spaniel wa pua ndefu, kama wale wanaoonekana katika picha za zamani za jumba la mfalme. Kwa njia hiyo akarudi Cavalier tunayemjua leo, na mwaka 1945 Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, ikamtambua kuwa aina ya peke yake.

Aina hiyo ilijengwa na mbwa wachache, na damu ya wachache ikizunguka, magonjwa nayo yanazunguka. Valvu (kilango cha damu) ya upande wa kushoto wa moyo huanza kunenepa na kuvuja. Karibu nusu ya Cavalier wana sauti ya damu inayovuja moyoni wanapofika miaka 5, na wakifika 10 ni karibu wote. Wengine fuvu lao ni dogo kuliko ubongo, maji yanajikusanya ndani ya uti wa mgongo na kuleta maumivu ya shingo. Mambo haya yalifika hadi Mahakama ya Juu ya Norwe, ambayo mwaka 2023 iliamua kwamba kuzalisha Cavalier kwa Cavalier kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama, ikaacha nafasi kwa wanaowachanganya na aina nyingine kwa mpango wa kuboresha afya.

Basi chotara ni mzima zaidi? Muuzaji atakuapia kwamba ndiyo. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walilinganisha Cavapoo, Cockapoo na Labradoodle na aina za wazazi wao kwa magonjwa 57 ya kawaida. Katika sehemu kubwa ya ulinganisho huo hawakuona tofauti. Kuchanganya damu kunaweza kusaidia, lakini mama mwenye moyo mbovu anaweza kumrithisha mtoto hata kama baba ni kanishi safi. Ukiambiwa "huyu haugui kwa sababu amechanganywa", ujue unayeongea naye ni mfanyabiashara.

Kwa ukubwa, aliyetokana na Cavalier na kanishi mdogo au Bichon huwa na kilo 5 hadi 9. Mwenye damu ya Cocker anaweza kufika 12. Nywele hazitabiriki: ndugu wa tumbo moja, huyu anatoka na mawimbi, yule na vipindo vya kanishi, wa tatu ananyooka kama spaniel na kuacha nywele juu ya viti vyote. Anayekuhakikishia kwamba mbwa wake haleti aleji anakudanganya, maana aleji hutokana pia na mate na vumbi la ngozi.

Tabia yake ndiyo inayowavuta watu. Anapenda binadamu kupita kiasi, anakufuata hadi mlango wa choo, anaelewana na watoto, wazee na hata paka. Mwizi akiruka ukuta, atapokelewa kwa mkia. Kama unatafuta mlinzi, chukua mbwa wa kienyeji, ambaye kazi hiyo anaiweza na magonjwa ya hapa ameyazoea. Na kama nyumba yako inabaki tupu tangu saa moja asubuhi mpaka jioni, mwache huyu. Akiachwa peke yake muda mrefu hulia, hutafuna milango na kujilamba miguu hadi ngozi inachubuka.

Hatua ya 1: Kabla ya kulipa

Omba kumwona mama yake mahali anapolala. Mama akiwa mwoga, mkali au mchafu, ondoka, hata kama mtoto anakutazama vipi. Ukikutana na mtu anauza mtoto wa mbwa kando ya barabara, ndani ya katoni, kwenye jua, usimnunue kwa huruma; kesho ataleta mwingine.

Mtoto asiachishwe mama kabla ya wiki 8. Mchukue mikononi umkague taratibu. Fizi ziwe za rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe, ana minyoo mingi au damu imepungua. Ingiza pua yako karibu na sikio, harufu ya chachu ni dalili mbaya. Bonyeza katikati ya tumbo karibu na kitovu uone kama kuna uvimbe laini wa ngiri. Mtembeze sakafuni: akirukaruka na mguu mmoja wa nyuma umekunjwa, huenda kifuniko cha goti kinahama, jambo la kawaida kwa mbwa wadogo wa mchanganyiko huu. Mwishowe piga makofi nyuma yake uone kama anasikia.

Ikiwa ametoka Afrika Kusini au Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, dai kitabu cha chanjo chenye vibandiko vya chupa na tarehe, pamoja na cheti cha afya chenye muhuri wa veterineri wa serikali. Linganisha tarehe na umri wake. Kitabu kinachoonyesha chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mtoto wa wiki 6 ni cha uongo, kimeandikwa juu ya goti.

Kisha mpeleke kwa veterineri kabla hamjamaliza malipo, au patana kwamba atarudishwa akikutwa na ugonjwa. Lubumbashi tuna bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina: chuo kikuu chetu kina kitivo cha tiba ya wanyama, kwa hiyo kumpata mtu aliyesomea kazi hii si shida. Mwambie asikilize moyo. Ni kazi ya dakika mbili.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza

Atalala ndani. Mtafutie kona isiyopitiwa na upepo wa mlango, mbali na jikoni. Weka kikapu au katoni ya upande mmoja wazi, na juu yake kitambaa kinachofulika. Usiku wa kwanza atalia. Weka kitanda chake karibu na cha mtu, kisha sogeza kidogo kila baada ya siku chache hadi kona uliyoichagua.

Mbabula, yaani jiko la makaa, ndiyo hatari ya kwanza ndani ya nyumba zetu. Masikio marefu yanashika cheche na mkia unaburuta kwenye makaa. Halafu Juni na Julai, baridi ya usiku inapobana, kuna familia zinazoingiza mbabula chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya makaa haina harufu na inaua, na mbwa anayelala chini chumbani humo ataivuta sawa na watu. Toeni mbabula nje kabla ya kulala, mbwa awepo asiwepo.

Ziba kila tundu chini ya geti. Mtambulishe kwa sentineli siku ya kwanza, kwa jina, sentineli amlishe kwa mkono wake, maana geti likifunguliwa usiku yeye ndiye atakayemwona akipenya.

Haja afundishwe tangu siku ileile. Mtoto wa miezi 2 hawezi kubana mkojo zaidi ya saa 2 au 3. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza na kabla ya kulala, daima mahali pamoja. Akikojoa hapo, msifu na umpe kipande kidogo cha nyama papo hapo. Akikojoa ndani, futa kwa maji na siki kidogo ili harufu iishe. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kitu kimoja tu, kukojoa mafichoni nyuma ya kabati.

Hatua ya 3: Chanjo na minyoo

Chanjo ya kwanza hutolewa kati ya wiki 6 na 8, na hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Hiyo humkinga na ugonjwa wa Carré (distemper), parvo (virusi vya kuharisha damu) na homa ya ini, mara nyingi pamoja na leptospirosi ambayo panya hueneza kwa mkojo. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na wiki 12 au zaidi. Zote hurudiwa baada ya mwaka, na ya kichaa usiiruke mwaka wowote.

Kuna swali moja ambalo wateja hawaulizi: chanjo imelala wapi? Chupa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Umeme ukikatika siku mbili na friji haina msaada wa betri wala jenereta, kilichobaki ndani ya chupa ni maji ya bei ghali. Muulize daktari bila aibu, na uangalie mwenyewe chupa inatoka wapi. Daktari mzuri hatakasirika.

Mpaka wiki mbili zipite baada ya chanjo ya mwisho ya utoto, asitembee barabarani wala kunusa mavi ya mbwa wengine. Parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Mtoto anayetapika, anayeharisha damu na kulegea anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, kwa hiyo usianze na chai ya majani. Mpeleke akawekewe maji ya mshipa.

Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2, kila baada ya wiki 2 hadi afike miezi 2 au 3, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3. Mpime uzito kila mara, kwa sababu kipimo hufuata kilo.

Akiumwa na mbwa asiyejulikana, mpeleke kwa veterineri siku hiyohiyo hata kama amechanjwa. Aliyeumwa akiwa ni mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Hatua ya 4: Chakula

Chakula cha mfuko kilichoandikwa kwamba ni kamili kwa mbwa wadogo ni rahisi kuliko kupika, hasa kwa mtoto, kwa sababu mifupa inayokua haisamehi makosa ya kalsiamu. Mtoto ale mara 4 kwa siku, akifika miezi 4 mara 3, na kuanzia miezi 8 au 9 mara 2. Mbwa mzima wa kilo 7 anahitaji takriban kalori 450 kwa siku, ambazo kwa chakula kikavu ni kama gramu 110 hadi 130. Mifuko hutofautiana, soma nyuma.

Ukiamua kumpikia mbwa mzima, changanya karibu gramu 150 za wali au bukari (ugali) laini, gramu 120 za nyama isiyo na mafuta mengi, kuku bila mifupa au maini mara moja moja, na boga au karoti iliyochemshwa. Hayo ni ya siku nzima, yagawe mara mbili. Bila kalsiamu chakula hicho kina upungufu: kausha maganda ya mayai, yasage yawe unga laini kabisa, utie nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya chakula kilichoiva. Chumvi usitie.

Bukari peke yake na mchuzi juu si chakula cha mbwa huyu, ingawa ndicho mbwa wengi wa mji wanachokula. Atanenepa, nywele zitapoteza mng'ao na misuli itapungua. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, asipewe kwa sababu ya vitunguu na mafuta. Ndakala kavu, wale samaki wadogo, zina chumvi, ziloweke na kuzisuuza kama ni lazima. Vinkubala, viwavi wanaoliwa, atavipenda sana, na kimoja viwili visivyo na chumvi ni zawadi nzuri wakati wa mafunzo.

Vitunguu, vitunguu saumu, chokoleti, zabibu na pipi au bazoka zenye zailitoli (kitu cha kutia utamu badala ya sukari) ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa hupasuka na kutoboa utumbo. Msimu wa maembe, kuanzia Novemba, okota kokwa zote uani: nyama ya embe kidogo haimdhuru, kokwa humkaba au huziba utumbo na kuhitaji upasuaji.

Mara moja kwa mwezi pitisha vidole mbavuni. Unatakiwa kuzihisi bila kubonyeza. Ukizitafuta usizipate, punguza chakula, na wageni uwakataze kumrushia vipande mezani. Uzito wa ziada unaumiza magoti na moyo, sehemu mbili ambazo tayari ni dhaifu.

Hatua ya 5: Nywele na masikio

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hushindwa.

Utahitaji chanuo la chuma lenye meno mapana upande mmoja na membamba upande mwingine, brashi ya sindano laini, na mkasi wenye ncha butu. Chana kuanzia ncha za nywele, ukipanda taratibu hadi ngozi. Anayechana juu juu huona mbwa anang'aa, huku chini nywele zimesokotana na kuvuta ngozi. Sehemu za kuanza nazo ni nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda, ndani ya mapaja na kati ya vidole. Fundo dogo lifungue kwa vidole na mafuta kidogo ya nazi. Fundo kubwa lisikatwe kwa mkasi ulioingizwa chini yake, maana ngozi ya mbwa huingia ndani ya fundo na utamkata. Pitisha chanuo kati ya ngozi na fundo, kisha kata juu ya chanuo.

Chana kila baada ya siku moja. Wakati wa mvua, chana kila siku baada ya kukauka. Kila wiki 6 hadi 8 nywele zipunguzwe. Si kila kinyozi wa mtaani anajua kazi hii, lakini kijana mwenye mkono mtulivu na mashine kali anaweza kufundishwa na veterineri. Mwambie aache sentimita 2. Kumnyoa hadi ngozi ili apoe ni kosa, kwa sababu nywele fupi zinazopitisha hewa humkinga na jua, na ngozi tupu huungua. Nywele zinazofunika macho zipunguzwe, na zile za sehemu ya haja pia, kwa usafi.

Mwogeshe kila wiki 3 au 4 kwa shampuu ya mbwa. Sabuni ya unga na ya kipande hukausha ngozi na kuleta mikwaruzo. Chana kabla ya kumlowesha, kwa sababu fundo likilowa hukaza. Wakati wa kiangazi mwogeshe saa sita mchana, jua likiwa kali na upepo umetulia, na umkaushe kwa taulo mpaka chini ya masikio. Kama unategemea mashine ya kukausha, hakikisha umeme upo kabla hujamwaga maji.

Masikio ndiyo yatakayokugharimu zaidi kama utazembea. Njia ya sikio la mbwa hushuka wima kisha hupinda kuelekea ndani, na sikio la spaniel hufunika mlango wake. Joto na unyevu vikikutana humo, kuvu na bakteria hustawi. Kila wiki geuza sikio, litazame na ulinuse. Likiwa safi, liache. Likiwa na nta kidogo, jaza dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, kanda chini ya sikio mpaka usikie maji yakicheza, mwache atikise kichwa, kisha futa unachokiona kwa pamba iliyozungushwa kidoleni. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani. Baada ya kuoga au kunyeshewa, kausha na ufunue masikio kwa muda.

Sikio jekundu, lenye harufu, lenye uchafu wa rangi ya kahawa, au mbwa anayetikisa kichwa na kuinamisha upande mmoja: hapo usafi umepitwa, ni ugonjwa. Daktari anatakiwa kuangalia ngoma ya sikio kabla ya kutia dawa, kwa kuwa baadhi ya dawa huharibu usikivu ngoma ikiwa imetoboka. Matone ya macho ya mtoto yaliyobaki kabatini hayahusiki.

Macho yafutwe kila asubuhi kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa na kupoa, kila jicho na kitambaa chake. Jicho linalofumbwa, linalotoa usaha au lenye ukungu ni la siku hiyohiyo. Meno yapigwe mswaki mara kadhaa kwa wiki kwa dawa ya mbwa, si ya watu. Akifika miezi 7 angalia kama meno ya utoto bado yamesimama kando ya mapya, hasa yale ya chonge; yakiwepo, yang'olewe.

Hatua ya 6: Fuata mwaka wa Lubumbashi

Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, na misimu yake inatofautiana kiasi kwamba matunzo hayawezi kuwa yaleyale mwaka mzima.

Kiangazi, Mei hadi Septemba, ni vumbi jekundu mchana na baridi usiku. Vumbi huingia machoni na kati ya vidole, kwa hiyo mfute miguu akirudi. Nyasi kavu zina mbegu zenye mshale ambazo huingia sikioni au kati ya vidole na kuendelea kutembea ndani ya nyama. Mbwa aliyekuwa akicheza majanini na ghafla anatikisa kichwa kama mwendawazimu ana mbegu sikioni. Usichokonoe.

Oktoba ni mwezi wa joto kali. Mtembeze kabla ya saa moja asubuhi na baada ya jua kuzama. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami: ukishindwa kuuacha kwa sekunde 7, nyayo zake zitaungua. Umeme ukikatika, mlaze kwenye sakafu ya vigae au saruji iliyoloweshwa, madirisha wazi, beseni la maji karibu. Ndani ya gari lililosimama asibaki hata dakika chache, kivuli au la.

Joto la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Akihema kwa nguvu bila kutulia, ulimi ukawa mwekundu sana, akaanza kuyumba au kutapika, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na miguuni huku ukimpepea. Taulo iliyoloa isiachwe juu yake, inazuia joto kutoka. Kisha nenda kwa daktari hata kama amesimama tena, kwa kuwa figo zinaweza kushindwa baadaye.

Mvua zikianza Novemba, kupe nao wanaanza. Kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, chini ya taya, kwapani na kati ya vidole. Kupe ashikwe karibu na ngozi kwa kibano na kuvutwa moja kwa moja. Mafuta ya taa na kiberiti viache. Tumia dawa ya kinga ya mbwa, ya tone la mgongoni, kidonge au mkanda, kulingana na kilo zake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe inayopimwa kwa kifuniko cha chupa imewaangamiza mbwa wadogo wengi. Na kama kuna paka nyumbani, dawa zenye permethrini zinaweza kumuua paka anayelala karibu na mbwa aliyepakwa.

Kupe huleta babesia, kimelea cha damu ambacho huvunja chembe zake. Dalili zake ni homa, kukataa chakula, fizi kupauka au kuwa za manjano, mkojo wa rangi ya kahawa. Mbwa wa damu ya kigeni huugua vibaya zaidi kuliko wa kienyeji. Usingoje kesho.

Kuna pia yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu na mchanga wenye mkojo, halafu mabuu wake wanaingia chini ya ngozi. Utaona jipu lenye tundu dogo katikati, na kitu kinachosogea. Paka vazelini nene kuziba tundu, subiri buu apande kutafuta hewa, kisha mbinye taratibu atoke mzima. Ili asirudi, matandiko ya mbwa yaanikwe kwenye kamba, si majanini, na yapigwe pasi pande zote mbili, sawasawa na nguo za mtoto mchanga.

Hatua ya 7: Mafunzo na watu wa nyumbani

Kaeni pamoja mkubaliane maneno. Baba akisema "kuya", watoto wakimwita kwa Kifaransa na shangazi akipiga mluzi, mbwa atachagua kutosikia. Maneno matano yanatosha: kuya, kaa, ngoja, acha, lala. Fundisha kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku, kwa chakula na sifa. Huyu ni mbwa wa moyo laini, kofi moja huharibu kazi ya wiki.

Mvalishe mkanda wa kifuani, kamba isivute shingo. Mfundishe kubaki peke yake polepole: toka nje dakika moja, rudi bila kelele, kesho ongeza. Watoto wa jirani wengi wanaogopa mbwa na wana sababu, kwa hiyo wasilazimishwe kumgusa. Watoto wa nyumbani wasimwinue kwa miguu ya mbele.

Kuhusu uzazi, ushauri wangu ni mfupi: fungeni uzazi. Jike huingia joto takriban kila miezi 6 au 7, na dume la mtaa lenye kilo 20 litapita chini ya geti lolote. Watoto wakubwa katika nyonga ndogo humaanisha upasuaji usiku. Jike asiyefungwa pia yuko katika hatari ya kifuko cha uzazi kujaa usaha. Akinywa maji mengi na kulegea wiki chache baada ya joto, mkimbize.

Hatua ya 8: Moyo na uzee

Kuanzia miaka 4, veterineri asikilize moyo kila mwaka siku ya chanjo, na aandike alichosikia kitabuni. Ikisikika sauti ya damu inayovuja, mbwa anaweza kuishi miaka bila tatizo, lakini kuanzia hapo unatakiwa kujua kama moyo unapanuka. Picha ya kifua au ya ekografi itaonyesha. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa ambao moyo wao umeshapanuka na bado hawana dalili, wakipewa pimobendani, dawa ya kusaidia moyo kusukuma damu, walichelewa kuingia kwenye hatua ya moyo kushindwa kwa takriban miezi 15. Kwa hiyo kugundua mapema kuna faida ya kweli.

Nyumbani kazi yako ni kuhesabu. Akiwa amelala usingizi mzito, tazama kifua kikipanda na kushuka, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Andika namba hiyo mara moja kwa wiki. Ikianza kupanda na kubaki juu ya 30 siku mbili mfululizo, maji yanaweza kuwa yanaingia mapafuni, na daktari anatakiwa kuamua kuhusu furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini. Dawa hiyo ipo kwenye famasi za watu, lakini kipimo chake kwa kilo 7 si cha kubahatisha. Kikohozi cha usiku, kuzimia akiruka kitandani, au kukataa matembezi aliyokuwa akiyapenda, vyote vina uzito uleule.

Akiwa anajikuna hewani karibu na shingo bila kugusa ngozi, au analia akiinuliwa, usifikirie viroboto tu. Mwambie daktari kuhusu ule ugonjwa wa fuvu na uti wa mgongo. Parasetamoli na ibuprofeni za nyumbani zisiguswe, zinaharibu ini, figo na tumbo la mbwa.

Dawa za moyo hutumiwa kila siku maisha yote, na hapa mjini kuna majuma zinapotea madukani. Agiza boksi la pili unapofungua la kwanza, mwachie veterineri namba yako ya simu, na ukisafiri kwenda Likasi au Kolwezi beba vidonge vya siku kadhaa zaidi ya ulizopanga kukaa.